Shofere Aliyeshonwa Mara Mbili

Mume wangu alikuwa shofere wa lori. Alipakia maharagwe, chumvi, sabuni na mafuta kwetu Karuba, akavishusha huko Walikale. Vita vilipofunga barabara akabaki upande wa pili. Mwanzoni nilipata salamu zake kupitia watu waliopita milimani kwa miguu, kisha salamu zikakatika. Kwa miaka miwili nilijiambia ni vita tu. Mpaka siku mama mmoja aliyekimbia mapigano aliposimama mlangoni pangu, akaniambia kwamba mume wangu amefia Kalembe, kwamba alikuwa na sida, yaani ukimwi, na kwamba amekwisha zikwa.

"Nani alimuzika?" nikauliza.

Akatazama miguu yake. "Bibi yake, mama."

Kwetu mke wa pembeni wa namna hiyo huitwa biro ya pili, yaani ofisi ya pili, na watu huitaja huku wakicheka. Mimi sikucheka. Nilikwenda kituo cha afya nikapimwe, na muuguzi, mama mnene mwenye huruma, alipoleta matokeo alinishika mikono yote miwili. "Hauna kitu, mama! Shukuru Mungu!" Nilishukuru kwa mdomo. Moyoni nilikuwa nawaza jambo ambalo sikumwambia hata padri: kumbe huyo mwanamke alipewa kila kitu, mpaka ugonjwa. Nilimwonea wivu hata wa kifo.

Muuguzi huyo ndiye aliyeanzisha kazi ya kitambaa. Miaka ile tulizika watu wengi, na kwenye kila matanga tulisema ni malaria, au sumu, au amerogwa na jirani. Yeye alichoka kuyasikia. Akaomba kila familia ilete kipande cha nguo ya marehemu wake, idarizi juu yake kitu kinachomkumbusha, halafu vipande vyote viunganishwe kuwa kitambaa kimoja kikubwa. Siku ya Jumapili kingetundikwa uwanjani mwa kanisa, na majina yatajwe kwa sauti pamoja na ugonjwa wenyewe. Kudarizi hakukutushinda. Kila msichana wa kwetu huolewa na mashuka aliyoyapamba maua kwa mkono wake.

Mimi nilileta kipande cha suruali aliyoivaa siku ya harusi yetu, nikaanza kushona ua. Mara ya tatu tulipokutana, waliongezeka wanawake waliokimbia kutoka Kalembe. Mmoja wao, mrefu, mwembamba, aliketi karibu na dirisha akatoa kipande cha shati la bluu lenye miraba. Sindano ikanisimama mkononi. Shati lile nililichagua mimi sokoni Shasha, na kifungo chake cha pili, kile cheupe kisichofanana na vingine, nilikishona mimi.

Hakuna aliyehitaji kuniambia kwamba huyu ndiye aliyemzika.

Alikuwa anashona lori. Nasema kwa uchungu kwamba alijua kushona. Turubai lilikuwa na mikunjo, magurudumu yalikuwa na matope, na dirishani aliketi mtu aliyetoa kiwiko nje. Kiwiko kile kilikuwa cha mume wangu kabisa. Hivyo ndivyo alivyoendesha siku zote, mvua inyeshe isinyeshe. Wanawake wakamzunguka. "Aa, njo yeye! Njo yeye kabisa!" Waliosema hivyo, kwamba ndiye, walikula kwenye harusi yangu. Ua langu hakuna aliyelitazama.

Saa sita wenzangu walitoka kwenda kula sombe, mboga ya majani ya muhogo, iliyopikwa nyuma ya kituo. Nikasema tumbo linaniuma. Nilipobaki peke yangu nilichukua kazi yake nikaanza kumfumua yule mtu dirishani, uzi baada ya uzi, kwanza kofia, kisha uso. Kiwiko nilikimaliza mwisho. Nyuzi nikazifunga kwenye pindo la kikwembe changu, nikarudi kwenye ua langu.

Waliporudi, aliinua kitambaa chake akakitazama kwa muda mrefu. Halafu akatupitia sote kwa macho, mmoja mmoja, akaishia kwangu.

"Shofere wangu ameshuka," akasema.

Wengine wakacheka, wakidhani amemfumua mwenyewe ili amshone vizuri zaidi. "Ameenda wapi?" mmoja akamtania.

"Pengine ameenda kusalimia bibi yake."

Nilitoka bila kuaga. Akanifuata, akanikuta kwenye njia ya shambani.

"Dada," akasema, "weye njo bibi yake wa Karuba."

"Na weye njo nani?"

"Miye njo nilimuosha."

Akanieleza, taratibu, kama mtu anayeshusha mzigo. Alisema mume wangu alipojua anaumwa nini, bado alikuwa na nguvu za kutembea, na barabara ilifunguka kwa siku chache. Yeye ndiye aliyemwambia arudi nyumbani. "Akakatala. Alisema, 'Kule sitapeleka hii kitu. Ule mama hakunikosea.' Njo maana hakurudia kwenu, dada. Si juu yangu."

Naamini alidhani ananipa zawadi. Mwanamke mwenye moyo mzuri angemkumbatia. Mimi nilisimama pale nikiwaza kwamba neno nililolingoja miaka miwili, neno zuri kuliko yote aliyopata kusema juu yangu, alilisemea nyumbani mwa mwingine.

"Na weye?" nikamuuliza. "Weye ulimukosea nini?"

Nilitaka kumchoma. Lakini uso wake ukabadilika, akafunika mdomo kwa kiganja, na machozi yakapita kati ya vidole. Nadhani tangu aambukizwe naye hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo.

"Sikumukosea kitu," akasema.

Nikafungua pindo la kikwembe nikamrudishia nyuzi zake. Hakuzipokea.

"Mushone weye," akasema. "Miye nilimujua akiwa ameisha kukonda. Weye ulimuona munene."

Hilo lilinifurahisha, sifichi. Mume mnene alikuwa wangu peke yangu. Nilimshona na mashavu yake yote, na kwa kuwa mkono wangu si mwepesi kama wake, kiwiko kikawa kikubwa kama goti. Alipokiona alicheka mpaka akakohoa. "Dada, sasa hata mulango ya lori haitafunguka!"

Jumapili kitambaa kilitundikwa kwa kamba kati ya mikaratusi miwili. Ngoma zilipigwa, kisha kimya, kisha majina. Kila mwenye marehemu alisimama akamtaja na kusema, "Sida njo ilimuua." Jina la kwanza lilipotajwa watu waliinamisha vichwa. Kufikia la kumi walikuwa wanalia wazi. Zamu ya shofere ilipofika, tulisimama wawili. Kila mmoja alimngoja mwenzake aketi. Padri akatungoja sote. Mwishowe tulilitaja jina pamoja, na mimi nililitaja kwa sauti kubwa kuliko yake, kwa makusudi.

Tangu siku hiyo watu walituita wajane wa shofere, kama vile tulizaliwa mapacha. Nililichukia jina hilo.

Palipotulia kidogo alirudi Kalembe na dawa zake. Kiangazi kilichofuata nilimfuata, nikiwa na debe la maharagwe kichwani. Alinipeleka kaburini, akaniacha peke yangu kwa heshima. Palikuwa pamefagiliwa, pamezungushiwa uzio wa matete, maua yamejaa kotekote. Nilitafuta hata jani moja la kung'oa. Halikuwepo.

Nilishuka nyumbani kwake, nikamkuta anachambua maharagwe yangu.

"Maua umeyabananisha sana," nikamwambia. "Yatakufa."

"Basi utanionyesha namna," akasema bila kuinua kichwa.

Asubuhi tulikwenda na majembe mawili. Tukayang'oa yote, tukayapanda upya kwa mistari niliyoitaka mimi.