Mkono Wangu Chini ya Jiwe

Jamani wa darasani, naandika mbio, msiucheke mwandiko.

Leo nilimpelekea Ami Athmani, fundi wa nyumba, ile hesabu ya wenzo aliyotupa mwalimu. Nilitaka aniangalizie jibu tu.

Ami akainua jiwe zito kwa boriti, ndiyo wenzo wake, akalishikilia.

"Umeandika ratili ishirini na tano upande huu wa boriti zatosha kulizuia. Haya, tia mkono chini ya jiwe, nami nitundike hizo ishirini na tano, kisha niachie."

Wallahi mkono niliuficha mgongoni! (Nyinyi mngetia?)

Nikapiga kelele: "Si jibu langu, Ami! Nimenakili kwa Salim!"

Akanivua kiatu, akakiweka pale pa mkono. Akatundika uzito. Akaachia boriti.

Kiatu kimekuwa chapati.

Salim, kesho Ami anakuita wewe. Viatu, amesema, hataki tena.