Utitiri Kwenye Sanduku la Kaka

Sanduku lilishushwa kutoka kwenye pikipiki mbele ya duka langu pale Tinde, saa nne asubuhi, wateja wakiwa wawili. Aliyelileta alikuwa rafiki wa marehemu kaka yangu, mchezaji mwenzake wa ngoma, mtu mwenye mguu mmoja mfupi na maneno machache. Aliliweka chini taratibu, akafuta jasho, akasema, "Dada, nimemtunza tangu kaka yako aniachie, lakini sasa nahamia kwa wakwe. Huyu ni wenu." Wateja wakachungulia kwenye matundu ya mbao, wakaona kitu kinapumua. Kabla sijatamka neno duka likawa tupu, na mama mmoja aliacha kandambili zake mlangoni.

Alikuwa chatu, mrefu kuliko mimi. Kaka yangu alikuwa myeye, yaani wale wacheza ngoma wa Kisukuma wanaotoka na nyoka uwanjani baada ya mavuno. Chatu huyu kaka alimlea tangu akiwa mwembamba kama kamba ya ng'ombe. Alimtengenezea sanduku kwa mikono yake, mbao za mninga, bawaba za mpira wa tairi, mpini wa kamba uliokuwa umeng'aa kwa jasho lake.

Sasa niseme na la kwangu, maana bila hilo haya mengine hayaeleweki. Mdomo wangu hauna breki. Mwaka ule kaka alikuja nyumbani na sanduku begani, kachoka, anaomba chakula, nami nikamwambia mbele ya ugali, "Wenzako wanashuka duarani, kwenye mashimo ya dhahabu, wanarudi na mabati ya kuezekea. Wewe unarudi na nyoka." Alicheka. Kaka alikuwa mtu wa kucheka. Akanawa mikono, akala, akaondoka. Baada ya wiki mbili tukasikia yuko Nyarugusu anachimba dhahabu, nyoka kamwachia rafiki yake. Hakumaliza hata miezi minne. Kifusi kilishuka wakiwa chini watatu. Wawili walitolewa. Wenzake walichimba siku nne, udongo ukawa unazidi kushuka, wakaogopa kufukiwa na wao, wakaacha. Tulianua matanga bila kaburi. Kwa hiyo kaka yangu bado yuko kule chini mpaka leo ninapoandika, na mimi ndiye niliyemwambia ashuke. Hilo sikumwambia mtu. Mama hakuwepo siku ile, na nilishukuru Mungu kwamba hakuwepo.

Mama naishi naye nyumba ya nyuma ya duka. Alipoliona sanduku hakulia, hakuuliza. Aliushika ule mpini, akakunja vidole vyake kwenye ule mng'ao, akasema, "Liingizeni chumbani kwangu."

"Mama, ni nyoka huyo!"

"Namjua kuliko unavyomjua wewe."

Kuanzia hapo kila asubuhi mama alifunga mlango, na mimi nikiwa jikoni nilimsikia akisema, "Mwangaluka," salamu yetu ya asubuhi, kama unavyomsalimu mtu aliyelala kwako. Kisha kimya. Kisha maneno ya chinichini, marefu, ambayo sikuyashika. Nikawa naweka masufuria kwa kishindo makusudi ili nisisikie. Niliogopa, we acha tu. Sikuogopa nyoka. Niliogopa siku moja mama atajibiwa.

Siku ya tatu au ya nne niliona chatu katoka sandukuni kaingia kwenye beseni la maji tulilomwekea kunywa, na hakutoka tena. Kutwa nzima. Mwili wote umezama, yamebaki matundu mawili ya pua juu ya maji. Nilisimama mlangoni. Nilimwona kaka, udongo umefika puani. Nilikimbilia dukani, nikakaa nyuma ya magunia ya pumba, nikalia mpaka mteja akagonga kaunta.

Jioni yake nilijilazimisha kumtoa ili nibadilishe maji. Chini ya beseni kulikuwa na vumbi jeusi. Nikadhani ni uchafu wa mbao. Nikaweka kidole, vumbi likatembea. Nikatazama mkono wangu, vitu vidogo vyeusi, kama pilipili manga iliyosagwa, vinapanda kuelekea kiwikoni. Nikamgeuza yule nyoka kichwa. Jamani! Kingo za macho zilikuwa zimejaa, vimejipanga vinanyonya. Chini ya kidevu, katikati ya magamba, vivyo hivyo. Utitiri. Utitiri ule ule ninaoujua kwenye kuku, au ndugu yake, umemkalia mnyama mpaka ameona afadhali azame.

Nilimletea kifaranga ale. Kifaranga kikampanda mgongoni, kikatembea mpaka kichwani, kikadonoadonoa utitiri. Chatu hakutikisika.

Mama alikuwa amekaa kitandani anatazama. "Mwenzio anaumwa," akasema. "Huyu akifa nitakuwa nimebaki na nini?"

Nikamjibu hafi. Nilimjibu kwa ukali, kama ninavyojibu kila kitu. Nilikuwa najua akifia mikononi mwangu, nitakuwa nimemuua kaka mara mbili.

Sasa sikiliza ujinga wangu. Mimi nauza dawa za mifugo. Kwetu, mnyama akiwa na wadudu anaogeshwa dawa ya josho, hiyo ndiyo akili tuliyozaliwa nayo. Ng'ombe anaogeshwa, mbuzi anaogeshwa, na mbwa naye akikaa vibaya anaogeshwa. Basi nikachukua chupa kwenye rafu, nikachanganya kipimo cha ndama, nikajiona nimemhurumia kwa kuwa sikuweka cha ng'ombe mkubwa. Nikamweka chatu kwenye beseni uani, nikammiminia.

Utitiri ulikufa kweli. Ulielea juu kama masizi. Nikapiga makofi kwa furaha, nikamwita mama aje aone. Alipofika mlangoni, chatu alianza kutetemeka. Akainua kichwa, akakipindua nyuma, akatazama mbinguni mdomo wazi, shingo imejikunja namna ambayo shingo haijikunji. Kisha akageuka, tumbo juu, jeupe.

"Unamfanya nini mwanangu?" mama alisema. Hakupiga kelele. Angepiga kelele ningepata nguvu.

Nilimwagia maji. Ndoo, ndoo, ndoo, maji ya kisima yote tuliyokuwa nayo, mpaka ua ukawa tope. Mama alipiga magoti ndani ya tope lile, akamshika kichwa kisizame, akamsuuza mdomo kwa kiganja. Sisi wawili tulikaa hapo kuanzia baada ya chakula cha mchana mpaka jua likaingia nyuma ya bati la jirani. Mara kwa mara mama aliweka sikio ubavuni mwa nyoka. Mara ya mwisho alikaa hivyo muda mrefu, kisha akasema, "Anavuta."

Nilimpigia simu yule rafiki wa kaka. Alikuja keshokutwa yake, akavua kofia kwa mama. "Mayu, shikamoo." Mama akaitikia marahaba. Akamkagua chatu, akanusa mgongo wake, akanitazama. "Umemwogesha josho?"

Nikanyamaza. Mimi, kunyamaza!

"Mshukuru Mungu," akasema. "Nyoka hana ngozi ya ng'ombe. Baada ya hapo mlimrudisha wapi?"

"Sandukuni kwake."

Alichomoa msumari mfukoni, akachokonoa kiungio cha mbao. Ukamwagika unga mweusi unaotembea. Akachokonoa kiungio kingine, hivyo hivyo. Akafungua bawaba, chini ya mpira wa tairi kumejaa mayai meupe. "Utitiri unakuja kwa nyoka kula tu," alisema. "Kwake ni humu. Mimi nilikuwa namweka kwenye pipa kwa sababu hiyo, sanduku nikalitundika darini. Siku ya kuwaletea ndipo nikamrudisha ndani, nikijua utitiri umeshakufa kwa njaa. Kumbe nimekosea. Halafu, dada, wewe si ndiye muuzaji? Mtu akija na shida ya utitiri wa kuku, unamwambiaje?"

Loo! Aibu iliyonishika. Kila siku ya Mungu nawaambia kina mama pale kaunta: usimhangaikie kuku, pulizia banda. Nawakemea. Nawaita wazembe. Na mimi nimemwaga sumu juu ya mnyama, nikaliacha banda.

Akanielekeza. Maji ya vuguvugu kila siku, tone la sabuni ya vyombo, usizamishe kichwa. Mafuta ya kula kwenye kingo za macho kwa ncha ya pamba. Alazwe kwenye ndoo kubwa ya plastiki yenye matundu, chini karatasi nyeupe, ibadilishwe kila siku na ichomwe. "Na sanduku," akasema, "lichomeni leo."

"Yaya," mama akasema. Hapana.

"Mayu, hata ukilipaka dawa, viungio hivi—"

"Yaya. Mwili hamkunipa. Nguo hamkunipa. Sanduku nalo mnalitaka?"

Yule bwana akavaa kofia yake, akatazama chini. Alikuwa mmoja wa waliochimba zile siku nne. Akaaga, akaondoka.

Basi nikawa naogesha. Niliogesha kwa ukaidi, kila siku baada ya kufunga duka mchana. Utani wa majirani ndio usiseme. "Dada, mumeo keshaoga leo?" "Dada, tuazime mkufu wako twende nao harusini." Nilikuwa nacheka nao kisha narudi kuinama kwenye beseni, natoa mdudu mmoja mmoja kwa ncha ya pamba. Siku ya tano karatasi ilikuwa nyeupe kabisa. Siku ya sita nyeupe. Siku ya saba nikainua karatasi, ikawa imejaa pilipili manga. Macho ya chatu yalikuwa yameingia ukungu, na alipopumua alitoa povu pembeni ya mdomo. Na juu ya kitanda cha mama utitiri, na kwenye shingo ya mama mwenyewe vipele vyekundu.

Nilielewa. Nikarudi siku iliyofuata mapema kabla ya wakati wangu, nikafungua mlango bila kubisha. Mama alikuwa amemlaza chatu ndani ya sanduku. Amemfunika khanga. Amekaa sakafuni, mkono umeshika ule mpini.

"Kule kwenye plastiki anapata baridi," akasema.

"Mama, unamuua!" Nilipiga kelele mpaka nadhani waliokuwa kituo cha mabasi walisikia. "Unamuua na unaona! Mimi nimeshamuua mara moja, inatosha! Mimi ndiye niliyemwambia ashuke duarani! Nilimsimanga mbele ya chakula, nikamwambia wenzake wanajenga yeye anabeba nyoka. Ndiyo maana akaenda. Ni mimi. Sasa usinifanye nimzike na huyu!"

Lilishatoka. Mama hakugeuka. Alikaa akitazama ndani ya sanduku. Kisha akaingiza mikono yote miwili, akamtoa chatu polepole, akanipa. Uzito wake ulinielemea kifuani, nikauhisi moyo wake, au wangu, sikujua.

Mama akalishika sanduku kwa mpini. Akalitoa uani mwenyewe, akikataa kusaidiwa, akalivuta pale penye jiko la kuni, akalimwagia mafuta ya taa. Mbao za mninga haziwaki haraka. Alichochea kwa mwiko wa ugali, magoti chini, na moshi ulipoanza kutoka kwenye matundu yale ya hewa, moja baada ya jingine, nilitaka kumwambia alizime. Nilisikia kitu ndani kinapasuka pasuka, vidogo vidogo. Najua ulikuwa utitiri. Nilijiambia mara nyingi kwamba ulikuwa utitiri.

Mpini wa kamba ulishika moto mwisho. Mama aliutazama mpaka ukakatika.

"Siku ile kwenye ugali," akasema, "alinipigia simu jioni akanieleza. Alikuwa anakucheka. Anasema una mdomo, lakini ulimwongeza mboga mara mbili."

Nikampandisha chatu begani.

"Hakwenda kwa sababu yako. Alikuwa hataki kwenda." Mama alifuta macho kwa mkono wenye masizi, ukabaki mstari mweusi shavuni. "Ile wiki ya pili alikuja kwangu, wewe uko dukani. Mimi nilimfungia begi. Nikamwambia usirudi hapa mikono mitupu."

Chatu alijikunja taratibu kwenye mkono wangu, akitafuta joto. Moto ulikuwa bado mkubwa. Mama hakusogea, akaendelea kuniambia, bila mimi kumuuliza, kwamba hilo ndilo analomwambia kaka kila asubuhi mlango ukiwa umefungwa: kwamba arudi tu, hata mikono mitupu.