Wafalme Juu ya Mabati ya Mzee Muindi

Mabati ya Mzee Muindi yamepigiliwa kwa wafalme watatu wa Uingereza na malkia mmoja. Si utani. Alipojenga nyumba yake nyuma ya soko la Tala, wakati wa mkoloni, washa ya kuzuia maji chini ya kichwa cha msumari iliuzwa senti kumi. Muindi, kijana aliyekuwa bado anajifunza ufundi, akachukua senti tano, ile yenye tundu katikati na jina la mfalme pembeni, akaigeuzageuza, akamwambia mwenye duka, "Pesa yako ni rahisi kuliko mali yako." Akavunja shilingi zake zote kuwa senti tano, akaenda kuzipigilia juu ya nyumba badala ya washa.

Mimi nauza misumari. Nilianza na mkebe wa misumari iliyopinda, nikiinyoosha kwa jiwe, kwa hivyo akili kama hiyo naiheshimu. Muindi ameezeka nyumba za watu hadi goti likakataa ngazi, na uzeeni amebaki na jambo moja la kujivunia: hakuna paa lake lililowahi kuvuja. Analisema sokoni, analisema kanisani, hata matangani, kabla marehemu hajatajwa.

Agosti ya mwaka 1999 ndugu yangu aliniletea binti yake Nzisa, wa darasa la sita, akae likizo. Mtoto alitaka kukusanya sarafu za zamani. Baba yake alitaka nimkanye. Mimi nikaona mtoto anayependa pesa isiyonunua kitu hawezi kuniibia, nikamfundisha kazi. Usinunue, badilisha. Ukiona unachokitaka, usionyeshe meno. Na usisugue sarafu kwa majivu kama sufuria. Ukitoa uzee wake umebaki na chuma tu. Tukaandika kibao, tukakiweka kwenye meza yangu sokoni: sarafu moja ya zamani, msumari mmoja mpya. Watu wakaleta vifungo vya makoti, kibati cha shingo ya mbwa, na jino la dhahabu ambalo mwenyewe alirudi jioni kulidai. Lakini senti tano nazo zikaja, mkebe wa Nzisa ukajaa.

Iliyokosekana ni ya 1936. Mwalimu alikuwa amemwambia habari za mfalme aliyeacha kiti mwaka ule ule aliokikalia, hata taji hakuvaa, na huku jina lake lilikuwa limeshagongwa kwenye senti za kwetu. Nzisa akaitaka hiyo hadi chapati zikamshinda.

"Anti," akaniambia, "kwa Umau Muindi si kuna nyingi?"

Umau ni babu, na kila mtoto wa Tala humwita Muindi hivyo. Tukaenda. Nzisa akapanda ngazi, akatambaa juu ya mabati akikwangua kutu kwa ukucha, senti moja moja. Juu ya sebule akasimama. Uso wake ulikuwa mkavu kabisa, nikajua ameipata.

"Mzee," nikamwambia Muindi, "toa hiyo senti moja, nikupe msumari wenye mpira. Wa kiwandani."

"Mpira huo jua litautafuna kabla ya Krismasi."

"Tuujaribu basi."

"Na mvua iko wapi, Mama Lenny? Hata wingu tumesahau rangi yake."

"Mvua inauzwa na mkokoteni."

Akacheka, akakubali. Masharti yalikuwa haya: tukibadilisha msumari na paa lisivuje, senti ni ya Nzisa. Likivuja, senti inarudi mahali pake, na mtoto asiguse ngazi hiyo tena.

Ndunda muuza maji akaleta mitungi, akapanda, akang'oa msumari wa zamani, akamrushia Muindi senti yake, akapigilia wangu, akaanza kumwaga. Katika kiangazi kile, watu walikuwa wakihesabu maji kwa vikombe. Jirani yake Muindi, Kalondu, akaja kusimama kwenye ua.

"Mama Lenny, mnanyunyizia mabati ili yaote?"

"Tunajaribu mvua."

"Mkimaliza hapo mjaribu na shamba langu."

Mara ua ukajaa watu. Wakatega mabeseni chini ya paa na kuteka maji niliyoyalipia mimi, na mmoja akamlalamikia Ndunda kwamba upande wake mvua ni haba.

Ndani, Muindi alikuwa amevaa koti la mvua na gambuti. Alikuwa amekaa kwenye kiti chini ya msumari wangu, uso juu, kama mtu anayenyolewa ndevu. Mimi na Nzisa tulisimama kando yake. Tone likatokea kwenye msumari. Likavimba, likaning'inia, likamwangukia katikati ya paji la uso.

"Ahaa," akasema Muindi. "Limevuja."

Nzisa akainamisha kichwa. Kalondu akapaza sauti kutoka nje. "Mzee Muindi, tuambie sisi wenye mabeseni. Limevuja ama halijavuja?"

Muindi akatazama mlangoni. Nikaona wazo linamfikia polepole, kama maji yanavyotafuta tundu. Senti ilikuwa yake kama angesema, mbele ya soko zima, kwamba nyumba ya Muindi inavuja. Tone la pili likampiga puani.

"Sijasikia, Mzee," Kalondu akaita.

"Halijavuja," Muindi akajibu kwa nguvu.

"Na hayo usoni?" nikamuuliza kwa sauti ya chini.

"Ni jasho. Koti hili lina joto."

Nzisa akamfungulia kiganja. Muindi akatoa ile senti ya 1936 mfukoni, akaishika kidogo, akamwekea. Matone yakaendelea kumdondokea begani. Akasogeza kiti karibu na mtoto.

"Sasa wewe," akamnong'oneza, "huo mkebe wako uko na senti tano zingine? Nataka moja ya kuweka hapo juu kabla hawa watu hawajaingia."

Nzisa akafungua mkebe, akachagua, akampa ya 1952. Muindi akaipeleka dirishani, akaisoma, akamrudishia.

"Hiyo niko nayo," akasema. "Iko juu ya jikoni. Tafuta ingine."