Kamba Moja na Wakwe

Nasema mwenyewe kabla hamjaambiwa na wengine: wakwe zangu walinikokota uchi mlimani kama gogo, mchana kweupe, na mpango ulikuwa wangu. Mimi sikusoma zaidi ya kuandika jina langu, na nyumba hii ya mabati niliijenga kwa jasho langu, kwa hiyo sina wa kumficha kitu. Chekeni.

Wakati wa mkoloni nilikuwa nyapara wa barabara huku Gesima. Mafuriko yakabeba daraja, chifu akaja akijigonga buti kwa kiboko chake, akasema, "Kesho kutwa bwana wa barabara anapita na gari. Asipopita, nitakulaza chini mbele ya wakwe zako." (Kiboko hicho nilishakiona kikimchapa mtu mzima mpaka akajikojolea.)

Nikapanga watu pande zote mbili za mto. Gogo la daraja jipya lilikuwa ng'ambo, kwenye mteremko, limezuiwa kwa mawe. Mimi ningevuka na kamba kiunoni, nilifunge lile gogo, nipulize firimbi, wa ng'ambo watoe mawe, wa upande huu wavute. Nikawaambia wote, kelele za mtu si amri, amri ni firimbi tu. Na kwa sababu nilitaka wenye nguvu, na pia (niseme kweli) nilitaka baba mkwe aone binti yake ameolewa na mwanamume, nikampa yeye na ndugu zake washike kamba yangu.

Mke wangu Kemunto, aliyekuwa amekuja na wanawake wa kuleta uji, akanivuta kando. "Baba Moraa, unamshikisha tata, baba yangu mzazi, kamba yako mtoni? Na chinsoni je?"

Chinsoni ndiyo heshima yetu ya wakwe. Baba mkwe akikuona uchi, huo ni mwiko mzito. Nikamjibu, "Hii ni kazi ya serikali. Rudi kwenye uji."

Maji yalikuwa mekundu, yananguruma. Nilipofika katikati nikakanyaga mahali pasipo na chini, mto ukanibeba miguu, ukanivua kaptura kama unamenya ndizi. Nikaibuka nikaona uso wa baba mkwe, halafu nikaona mgongo wake. Wote waligeuka pamoja! Kamba ikalegea, nikazama, maji yakanijaa puani, nikamwona Moraa wangu akiwa yatima.

Mara kamba ikakaza. Baba mkwe alikuwa ameiweka begani kama ng'ombe wa plau, akapanda mlima bila kuangalia nyuma, na ndugu zake nyuma yake. Nikatoka majini, nikamshukuru Mungu, lakini hawakusimama: tope, upupu, mawe, yote yakapita chini ya tumbo langu.

"Tata, simama! Ametoka!" Kemunto akalia.

"Kelele za mtu si amri," mzee akajibu, huku anavuta.

Nikainua kichwa nione tunakokwenda. Kule juu walisimama wanawake wa uji, na mbele yao mama mkwe wangu, kibuyu kichwani. Wallahi nilitamani mto. Nikatema tope, nikapuliza firimbi kwa pumzi yote niliyobakiwa nayo.

Wakwe wakasimama. Na ng'ambo nikasikia mawe yanatolewa.

"Hapana! Acheni!" nikapiga kelele, lakini kelele za mtu si amri. Gogo likabingirika, likaingia majini, likaondoka kuelekea ziwani.

Kemunto akanitupia shuka lake. Baba mkwe, mgongo bado kwangu, akauliza, "Mkwe, hiyo firimbi ni ya kusimama au ya kuvuta?"

"Ya kusimama, baba."

"Hiyo hukutupangia."

Kiboko cha chifu nilikipata, na mbele ya hao hao alioniahidi. Wao walitazama kando, kwa heshima. Baadaye nilisimamia watu miaka mingi, na kabla ya kumpa mtu kazi nauliza kwanza nani ni mkwe wa nani, halafu naeleza mambo yakiharibika tutasimamaje. Kamba kiunoni sijafunga tena. Hata mshipi sivai.