Firigisi Kabla ya Kipimo

Mnaniona nimesimama hapa mbele yenu na sauti yangu ya besi, mnadhani nimekuwa na nguvu maisha yote. Miaka ile ya tisini nilikuwa fundi wa mashine kwenye kiwanda cha mablanketi, tukikaa mtaa wa Mbotela, Nairobi, na mke wangu Rispa. Ugonjwa niliusikia kwa wengine tu.

Halafu nikaanza kutoa damu chooni. Nikasema ni bawasiri, nikanyamaza. Tumbo likawa linanikata, suruali ikawa hainikai kiunoni.

"Baba Mercy, unaisha. Twende hospitali," Rispa akasema.

Daktari akaeleza kwamba ataingiza mpira wenye taa kwa njia ya haja kubwa, atazame utumbo kwa ndani. Kwanza nishinde bila chakula, ninywe dawa ya kuharisha. Jioni ile dada ya baba, tunayemwita Senje, akafika kutoka Kakamega na jogoo. Akampika mwenyewe, akaniwekea firigisi, fungu la mwenye nyumba. Kwetu Waluhya hiyo huirudishi, hasa ikitoka kwa Senje.

"Kula, mtoto wangu. Utaingiaje hospitali na njaa?"

Rispa akanitazama. Nikala.

Kesho yake nililala ubavu, magoti kifuani, wakinijaza upepo tumboni. Niliumwa, nikaona haya. Aliyeona ndani ni daktari peke yake, jicho moja kwenye mpira.

"Mzee, ulikula?"

"Kuku kidogo."

Akauchomoa. "Utumbo ni mchafu, sioni kitu. Utarudi."

Foleni ilikuwa ndefu. Nikangoja wiki nyingi, damu ikizidi. Sijawahi kuwa mnyonge vile.

Mara ya pili akaona uvimbe.

"Ni saratani?"

"Kwa macho tu siwezi kusema. Nimekata kipande, maabara itatuambia."

Tukangoja tena. Senje alikuwa akilia jikoni, "Nimemuua mtoto wa ndugu yangu."

Ilikuwa saratani, ila haijatoka nje ya utumbo. Nikapasuliwa, nikapona. Namshukuru Mungu, daktari, na Rispa. Wewe unayeona damu na kujiambia ni bawasiri, nenda ukapimwe. Ukiambiwa usile, usile.

Mpaka leo huwa naitwa kuchunguzwa. Siku ya kushinda njaa ikifika, Senje huja kutoka Kakamega mikono mitupu, anaketi nami, na yeye pia hali kitu mpaka nirudi.