Baba Mkwe Asiyeonekana Pichani

Mdogo wangu alipoolewa, mahari niliipokea mimi. Wazazi wetu walikuwa wameshafariki. Mimi ndiye mkubwa. Niliacha shule kidato cha pili, nikaanza kuuza mchele wa Madibira sokoni Iringa ili wadogo zangu wasome. Siku ya posa mshenga aliponikuta nimekaa kwenye kiti cha mzee wa nyumba, alicheka.

“Makubwa haya! Baba wa binti amevaa gauni!”

“Gauni lisikusumbue,” nikamwambia. “Sema ulichotumwa.”

Tangu hapo baba wa bwana harusi, Mnyakyusa wa Mbeya, akawa ananiita mkwe, kama mzee anavyomwita mzee mwenzake.

Shemeji alikuwa dereva wa malori ya Tunduma. Sasa anaendesha malori ng’ambo, kwenye baridi ambayo anasema ile ya Makete ni cha mtoto. Baada ya harusi alirudi kazini, mdogo wangu akabaki Mbeya kwa wakwe zake akisubiri viza. Ubalozini wangemhoji, na ilibidi aonyeshe kwamba ndoa yao ni ya kweli.

Tukakusanya tulichonacho: cheti cha kanisani, jumbe za simu, picha za harusi, picha akipika na mama mkwe, picha akiwa na mawifi shambani. Nikampelekea mama mmoja wa mjini Iringa anayesaidia watu kupanga maombi ya viza. Alizipitia zote, kisha akazipitia tena.

“Dada, baba mkwe yuko wapi?”

“Yupo.”

“Hapa hayupo. Hata harusini hayupo. Watadhani mzee aliikataa ndoa. Nitafutie picha moja tu, akiwa na huyu binti.”

Nilicheka kwanza, halafu nikaona jambo lenyewe ni zito. Kwa Wanyakyusa wa umri wake, mke wa mwana hakutani uso kwa uso na baba mkwe. Mzee akikaribia hukohoa, binti naye hupisha. Harusini alikaa upande wa pili wa turubai kwa heshima yetu, na heshima hiyo ndiyo sasa ilitaka kutuponza.

Nikapanda basi kwenda Mbeya. Mzee alinikaribisha barazani. Mdogo wangu alikuwa kwenye jiko la nje. Nilipomweleza mzee, aliviringisha kofia yake mkononi.

“Mkwe, unataka nisimame na mke wa mwanangu, watu watutazame?”

“Sitaki mimi. Wanataka wao.”

“Mwanangu yuko mbali. Nikianza kumzoea mkewe sasa, kesho nitamwambia nini?” Akanitazama. “Lakini wewe ndiye baba yake. Ukisema nisimame, nasimama.”

Mama mkwe, aliyekuwa akimenya viazi mlangoni, akadakia, “Mzee, picha yenyewe ni mara moja tu! Au unaogopa utatoka vibaya?”

“Nyamaza wewe. Naongea na mzee mwenzangu.”

Nilijua viza ikikataliwa, mdogo wangu atakaa miaka bila mumewe, na lawama itakuwa yangu. Lakini nilimlea asidanganye, na picha ile ingekuwa uongo: ingeonyesha maisha yasiyo yale ya nyumba anayoishi.

“Usisimame,” nikamwambia mzee.

Kisha nikaenda jikoni. “Wakikuuliza, waeleze kama mlivyo. Usipambe.”

“Wasiponielewa, dada?”

“Waeleze tena.”

Siku ya mahojiano alikwenda Dar es Salaam. Mimi nilifungua meza yangu sokoni kama kawaida, ila wateja walinilalamikia kwamba siwasikii. Mchana akanipigia simu. Afisa alikuwa ameuliza kile kile: baba mkwe wako ni mtu wa namna gani, ni mrefu, ni mfupi?

“Nikamwambia sijui. Akaweka kalamu chini. Akasema, unaishi kwake na hujui sura yake? Nikamweleza desturi. Akasema, sasa utajuaje kama anakupenda?”

“Ukasemaje?”

“Nikamwambia, wakati wa mvua njia ya mbele inapita karibu na jiko, na ni kavu. Ya nyuma ni matope matupu. Mzee akitoka shambani ananisikia napika, basi anazunguka kwenye matope ili nisiache chungu changu na kukimbia mvuani. Mama mkwe humlalamikia kwamba anaingia ndani kalowa hadi magotini. Hajawahi kumwambia mtu sababu. Mimi naona nyayo.”

Hilo hata mimi sikulijua.

“Na afisa?”

“Ameibakiza pasi yangu ya kusafiria, dada. Amesema nitapigiwa nikaichukue ikiwa na viza.”

Mama wa meza ya jirani akaniuliza kulikoni, mbona nimesimama na kopo la mchele mkononi. Nikamwambia nimemlea mtoto, na leo amesema kweli mbele ya wakubwa. Akanipigia vigelegele hadi watu wa upande wa nyanya wakageuka.