Walichopima Kwenye Ufizi Wangu

Nashona nyavu ufukweni Nchelenge tangu tulipovuka ziwa kutoka Kongo. Mkono wa kushoto hushika jicho la wavu, wa kulia huzungusha uzi, na meno ya mbele hukaza fundo. Fundi anayekaza kwa mikono tunamcheka mpaka aone haya. Ndiyo maana ufizi wangu ulipopanda na jino moja la juu likaonyesha mzizi, niliogopa kukosa kazi kuliko maumivu.

Wakaja madaktari wa meno, wageni, pale kliniki. Mmoja alitazama mikwaruzo ya uzi kwenye meno yangu, akanitia ganzi. Akachoma ufizi kwa sindano nyembamba yenye kipira mpaka ikagonga mfupa, akapima kwenye rula. Kisha akaubana mfupa wenyewe kwa kikoleo chenye ncha mbili. Mara sita! Kila mara alimtajia muuguzi namba kwa Kiingereza, naye akaiandika kwenye daftari langu la kliniki, lile kila mgonjwa huja nalo. Mimi mdomo wazi kama samaki wa kuuzwa, hakuna aliyenigeukia. Mwishowe muuguzi akaongeza mstari wa maneno, akanirudishia daftari, akaniambia kwa Kibemba, "Kabiyeni, batata," yaani baba, nenda zako.

Kwetu ukichomwa sindano umepewa dawa. Nikajua nimetibiwa. Daftari nikalifunga kwenye plastiki lisilowane, nikaliweka chini ya godoro, nikarudi kukaza mafundo kwa nguvu kuliko zamani. Nilikuwa mjinga, sikatai. Lakini ujinga ule sikuufanya peke yangu.

Jino lilitoka nikishona wavu wa mteja wa Kilwa, ng'ambo ya ziwa. Nililikuta limenasa kwenye uzi.

Nikaenda kliniki kwa hasira, nikalitupa daftari mezani. Safari hii alikuwapo muuguzi mwingine, anayejua Kiswahili chetu cha Kongo. Akafungua, akasoma.

"Papa, aukusoma? Baliandika hapa: usikaze kamba na meno. Nyama ya meno iko kidogo, mfupa iko kidogo, jino itatoka."

"Hii iko Kiingereza! Nani aliniambia?"

Nikamwambia arudie maneno yale, taratibu tu, kama vile ningali na jino langu. Akanitazama, akarudia. Nilitaka kujua yangewachukua muda gani siku ile.

Aliyamaliza kwa pumzi moja.